Kondoo wakilala kivulini, nawe keti: kiangazi kwenye shamba dogo la sufu

Swali: Mimi na mume wangu tuna shamba dogo: kondoo tisa wa sufu, mbuzi wawili wa Angora na sungura watatu wa Angora. Tulilianzisha kwa kupenda maisha ya taratibu, lakini viangazi viwili vilivyopita nimevimaliza nikiwa hoi. Nakimbia tangu alfajiri hadi giza, na stoo ina magunia saba ya sufu isiyooshwa, mengine ya mwaka juzi. Binti yetu wa miaka minane aliniuliza, "Mama, hawa kondoo ni wa kazi tu?" Nikakosa jibu. Je, kweli mtu anaweza kukifurahia kiangazi kwenye shamba kama hili, au ndivyo ufugaji ulivyo?

Jibu: Dada yangu, anaweza. Ila kwanza nikusimulie nilipokosea mimi, maana njia hiyo nimeipita.

Kiangazi changu cha tatu na kondoo, saa saba mchana, nilikuwa naburuta mpira wa maji kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, fulana imeniganda mgongoni. Chini ya mti walikuwa wamelala kondoo wote. Jike mmoja mzee alikuwa akicheua, taya la chini linakwenda kushoto, linarudi kulia, macho nusu yamefumba. Akanitazama nikipita. Niliporudi akanitazama tena. Akameza, akatulia kidogo, kisha tonge jingine likapanda shingoni, unaliona kabisa likipanda chini ya ngozi, akaendelea kutafuna. Hapo ndipo nilipojiuliza ni nani kati yetu sisi wawili mwenye shida.

Kondoo wana ratiba yao, na ya kiangazi haina siri. Wanakula kunapopambazuka, wanakula tena jua likianza kulegea, na katikati wanalala na kucheua. Si uvivu. Tumbo la mnyama anayecheua huchachusha majani, na uchachushaji huo hutoa joto, kwa hiyo akila sana wakati wa jua kali anajiongezea moto ndani wakati nje tayari kunawaka. Mwili wake wenyewe una nyuzi 39 hivi za Selsiasi akiwa mzima, na nafasi ya kupanda zaidi ni ndogo. Basi kazi zozote za kumswaga, kumkamata, kumkata kwato au kumpa dawa zisifanyike kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Ukiifuata sheria hiyo moja utagundua jambo la ajabu: nusu ya mchana wako imekuwa tupu. Hukuwa umenyimwa na shamba, ulikuwa unaijaza wewe.

Umeniandikia orodha ndefu ya kazi zako, ambayo sikuiweka hapa juu. Nimeisoma yote. Kuna ukarabati wa uzio wa nyuma, kupaka rangi banda, kusafisha stoo, kukata kwato za wote siku moja, kuosha sufu yote. Karibu zote ni kazi za majira ya baridi zilizovaa kofia ya jua. Uzio ukianguka utaurekebisha, bila shaka. Lakini banda halilii likikosa rangi hadi hewa ipoe.

Kazi kubwa ya kiangazi ni moja, nayo ni kutazama. Nasema hivyo kama mtu aliyewahi kulipia kutotazama. Mwaka mmoja nilikuwa na kondoo dume wa mwaka na nusu, mnene, mzuri. Asubuhi nilimwona amesimama peke yake, kichwa ameelekeza kwenye kona ya uzio, mkia unacheza. Nikajisemea ni joto, nikaendelea na shughuli zangu nyingi za maana, ambazo leo siikumbuki hata moja. Jioni alikuwa anapiga mguu chini na kujigeuza kujiuma kiunoni. Nilipopanua sufu juu ya mkia, kulikuwa na unyevu, harufu nzito, na chini yake ngozi nzima ilikuwa inatembea. Funza. Nzi wa kijani hutaga kwenye sufu yenye unyevu au iliyochafuka kwa kinyesi, na kukiwa na joto mayai huanguliwa ndani ya siku moja, wakati mwingine nusu siku. Tulimponya kwa kunyoa eneo pana, kuwaondoa funza wote na kumwita daktari wa mifugo, lakini lile kovu alikaa nalo maisha yake yote, na mimi nilikaa nalo pia.

Kwa hiyo asubuhi yako iwe hivi. Maji kwanza: safi, mengi, kivulini, kwa sababu kondoo mmoja kwenye joto anaweza kumaliza lita 8 au zaidi kwa siku, na maji yaliyochemka juani hayanywi. Kisha chukua kikombe chako, kaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, usifanye lolote kwa dakika 15. Wahesabu. Angalia nani amejitenga, mkia wa nani hautulii, nani anachechemea, nani jana alikuwa wa kwanza kwenye majani na leo ni wa mwisho. Umande bado uko, ndege wanaanza, wana-kondoo wakubwa wakubwa bado wanarukaruka kama walivyokuwa wadogo, halafu wanaona haya na kuacha. Dakika hizo 15 ni ukaguzi wa afya ulio bora kuliko kukimbia kwa siku nzima, na ndizo hizo hizo dakika ulizokuwa ukiziota ulipoanzisha shamba. Wafugaji wengi wanazitenganisha: kwanza kazi, halafu starehe ikipatikana. Kwenye shamba dogo hakuna haja. Mwenye kondoo mia tano hana budi kuwatazama kama kundi. Wewe una tisa, unajua sura zao.

Yapo mambo mawili ya kiangazi ambayo macho ya mbali hayatoshi. Kwanza ni minyoo. Kukiwa na joto na unyevu, yule mnyoo wa tumbo anayenyonya damu, ambaye wataalamu humwita *Haemonchus contortus*, huweza kumwangusha kondoo aliyeonekana mzima wiki iliyopita. Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi inayoitwa FAMACHA: unafunua kope la chini, unalinganisha utando wake na rangi tano kwenye kadi, kuanzia nyekundu iliyoiva ya namba 1 hadi nyeupe ya namba 5 inayoashiria upungufu mkubwa wa damu. Muombe daktari wa mifugo akuoneshe mara moja jinsi ya kufunua kope bila kumuumiza mnyama. Kila baada ya wiki mbili, asubuhi, mume wako anashika, wewe unasoma, binti yako anaandika namba kwenye daftari mbele ya jina la kila kondoo. Wape dawa wanaohitaji tu, usiwape wote kwa mpigo, maana hivyo ndivyo minyoo wanavyozoea dawa. Na usiwaache wale majani hadi chini kabisa: mabuu mengi ya minyoo hukaa kwenye sentimita 5 za mwisho karibu na udongo. Wahamishie malisho mengine wakati majani bado yana urefu wa kiganja.

Jambo la pili ni joto lenyewe. Hesabu pumzi kwa kutazama mbavu. Kondoo aliyetulia hupumua kama mara 20 hadi 30 kwa dakika. Akipita 80 anahangaika, na akitweta kwa mdomo wazi shingo ameinyoosha, hilo ni la dharura. Kivuli chenye upepo kinamsaidia kuliko banda la bati lililofungwa, ambalo mchana ni tanuri. Nadhani umeshawanyoa, na kama umewanyoa kabla ya joto kali umefanya vyema. Lakini usirudie kuwanyoa katikati ya kiangazi kwa huruma. Sufu fupi ya sentimita 2 au 3 inamkinga na jua, na ngozi tupu huungua kama yako. Mbuzi wa Angora hunyolewa mara mbili kwa mwaka, basi panga mara moja kati ya hizo iangukie kabla ya miezi ya joto.

Sungura ndio wa kuwahofia kuliko wote. Hawana jasho la kuwasaidia, joto hulitoa kwa masikio, na wewe umewafuga wale waliovaa koti zito kuliko sungura wengine wote. Joto likipita nyuzi 30 wako hatarini. Wakate manyoya mapema, waweke mahali penye kivuli na hewa, na usiku gandisha chupa za maji ili mchana uwawekee pembeni waziegemee. Binti yako ataipenda kazi hii. Sungura huanza kwa kuishuku chupa, anaisukuma kwa pua, anaondoka, na baada ya muda unamkuta amejinyoosha kuikumbatia.

(Na kwa kuwa mbuzi na kondoo wako wanakaa pamoja: usiwape kondoo madini ya kulamba yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbuzi. Shaba inayomfaa mbuzi humlimbikizia kondoo sumu kwenye ini.)

Sasa ile sehemu inayokutia hatia, magunia saba.

Yatoe yote nje siku moja, asubuhi, kabla hakujapamba moto, uyafungue juu ya turubai. Ukiona vumbi kama mchanga, nyuzi zinazokatika, na vijibuu vyeupe vya nondo, gunia hilo usilirudishe stoo hata kidogo, maana litaambukiza mengine. Ya mwaka juzi, hata kama nondo hawajafika, yaangalie bila upendeleo. Mafuta ya sufu yakikaa muda mrefu hukauka na kuganda kwenye nyuzi, na kuyatoa ni vita. Kisha kwenye kila sufu iliyobaki, yaani sufu nzima ya kondoo mmoja, ondoa kingo: ya tumboni, ya mkiani, yenye kinyesi, yenye miba. Usiionee huruma. Hiyo iliyotolewa itandaze chini ya miti na mboga. Inashika unyevu, inazuia magugu, na ikioza polepole inatoa naitrojeni. Nabashiri utabaki na magunia matatu. Katika hayo chagua sufu mbili tu, zile ambazo ukizishika hutaki kuziachia. Hizo ndizo sufu zako za kiangazi hiki. Nyingine zirudishe kwenye mifuko ya kitambaa, zikiwa kavu, uzifunge, na usizifikirie.

Watu watakuambia sufu ya mwaka huu lazima iishe mwaka huu. Sijawahi kujua ilitoka wapi sheria hiyo. Pengine kwenye picha za mashamba ya watu wengine, ambamo uzi umepangwa rafuni kwa rangi na hakuna ndoo hata moja iliyopasuka.

Kuosha nako kunaweza kufanywa na kiangazi chenyewe. Kuna njia ya zamani ya kutumia jasho la kondoo. Sufu mbichi ina mafuta na ina chumvi za jasho zenye potasiamu, na viwili hivyo vikikaa pamoja majini kwenye joto hutengeneza aina ya sabuni. Chukua pipa au beseni kubwa, jaza maji ya mvua, tumbukiza sufu moja ikiwa ndani ya mfuko wa wavu, funika, acha juani wiki moja hivi. Ondoka. Nasisitiza uondoke, na uliweke mbali na dirisha la chumba cha kulala, kwa sababu yale maji yatanuka kama zizi la shetani. Siku ya nane unaitoa sufu, inachuruzika maji ya rangi ya udongo, na ndani yake nyuzi zimekuwa nyeupe. Isuuze mara mbili tatu. Maji yale usiyamwage, tumbukiza ya pili, maana kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi nguvu. Harufu hubaki kidogo na hutoka sufu ikikauka.

Ikibaki na mafuta kuliko unavyopenda, iloweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 na sabuni kidogo. Mafuta ya sufu huyeyuka yakizidi nyuzi 40 hivi, kwa hiyo maji ya vuguvugu hayafanyi kitu. Itoe kabla maji hayajapoa. Usikoroge, usisugue, usiipige na maji ya bomba. Nyuzi za sufu zina magamba madogo, na moto, sabuni na msukosuko vikikutana magamba hunasana na hayaachani tena. Mimi niliwahi kuwa na haraka, nikatumia mpira wa maji wenye kasi. Sufu nzima ya kondoo mmoja ikageuka kitu cha kufutia miguu, na ndiyo kazi inayofanya hadi leo mlangoni. Kausha juu ya wavu, kivulini, upepo upite juu na chini. Itapungua uzito kwa theluthi hadi nusu, usishtuke, hujaibiwa.

Kazi hizi za sufu zinakula, kwa jumla, labda saa mbili za wiki yako. Kinachobaki ni ule mchana wa saa nne hadi saa kumi, kondoo wamelala. Keti karibu nao. Chukua fungu la sufu iliyokauka, lipanue kwa vidole mpaka linakuwa wingu, na uchafu mdogo uliobaki unadondoka wenyewe mapajani. Ni kazi isiyohitaji macho. Unaweza kuzungumza, unaweza kunyamaza. Mikono inalainika, kwa sababu mafuta kidogo hubaki hata baada ya kuosha.

Hapo ndipo umjibu binti yako, na usimjibu kwa maneno. Mpe shungi moja la sufu, la urefu wa kidole. Mwambie alishike mwisho mmoja na wewe uvute mwingine taratibu, nyuzi zikiteleza moja juu ya nyingine, mpaka liwe jembamba kama kamba ya kiatu. Sasa alisokote kwa vidole kuelekea upande mmoja tu, bila kugeuza, huku wewe umeshika. Lisokotwe hadi likaze na kutaka kujikunja. Halafu akunje katikati, akutanishe ncha mbili, aachie. Litajizungusha lenyewe, nusu mbili zikikumbatiana kwa upande wa kinyume, na mkononi atakuwa na uzi wa kweli wa nyuzi mbili usiofumuka. Hakuna kifaa chochote kilichotumika. Nimewaona watu wazima wakiruka kidogo pale unapojizungusha. Mfunge uzi huo mkononi, umwambie ni wa kondoo yupi, kisha mwende mkamtazame kondoo mwenyewe pale alipolala.

Akitaka zaidi, mpe kijiti chenye kigurudumu kidogo cha mbao chini yake, ajifunze kusokota akiwa amesimama. Gurudumu la kusokotea la kukanyaga kwa mguu lisubiri. Kwa miaka minane mguu na mkono bado vinagombana, na ataanza kulichukia.

Umeuliza pia, kwenye mstari wa mwisho wa ile orodha yako, kuna rangi gani rahisi mnayoweza kupaka pamoja bila kuwasha moto. Ipo, na jua ndilo linalopika. Chukua chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Pima sufu iliyooshwa, gramu 50 zinatosha, uiloweke usiku kucha kwenye maji yenye shabu gramu 6 hivi, kwani shabu ndiyo inayoifanya rangi ishike. Asubuhi pangeni ndani ya chupa tabaka la maganda makavu ya vitunguu, tabaka la sufu, tabaka la maganda, mpaka juu. Jazeni maji, fungeni, bandikeni karatasi yenye tarehe na jina la kondoo, kisha iwekeni ukutani pale jua linapopiga siku nzima. Manjano ya jikoni yatawashawishi kwa jinsi yanavyong'aa, lakini rangi yake hufifia juani haraka, kwa hiyo anzeni na vitunguu.

Msiifungue kwa wiki mbili, ikiwezekana tatu. Siku ya kwanza maji yatakuwa ya njano hafifu, ya nne yatakuwa kama chai, na kufikia wiki ya pili hamtaona kilichomo. Geuzeni chupa taratibu kila asubuhi mnapokwenda kuwahesabu kondoo. Ikiwa tayari, mwache binti aitoe mwenyewe, avae glavu, asuuze kwa maji yenye joto lile lile la chupa, aitundike kivulini. Ikilowa itaonekana kahawia ya kutisha. Ikikauka, ndipo mtajua kama mmepata dhahabu au chungwa.